Rangi za Duka la Zamani Zilikwenda Wapi?

Picha ya zamani ya duka, kijana wa Mutuka mjini Babati huitia rangi kwa simu kabla chai yake haijapoa. Ukuta unakuwa wa krimu, mbingu buluu, vitambaa vinang'aa. Lakini rangi hizo zimetoka wapi? Tuifuate njia hiyo kinyumenyume, kutoka kwenye simu hadi kaunta ya Bagamoyo.

Kituo cha kwanza ni programu yenyewe. DeOldify, iliyotolewa na Jason Antic mwaka 2018, ilifundishwa kwa picha nyingi mno za rangi. Ikiona jani huweka kijani. Ikiona kitambaa isichokijua, hukisia. Haisomi rangi iliyopotea. Hubuni inayoelekea kufanana.

Kukisia huko hakukuanza na kompyuta. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kadi nyingi za posta za pwani yetu zilichapwa Ulaya, na mafundi wa huko walizipaka rangi bila kuyaona maduka yenyewe.

Kituo cha pili ni kamera. Walther Dobbertin alipiga picha nchini humu kuanzia 1906 hadi 1916, na mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilizifungulia umma picha zake nyingi mtandaoni. Sahani za kioo zilizotumiwa kunasia picha na wapigapicha wengi wa enzi hizo ziliiona vizuri buluu, lakini nyekundu hazikuiona. Mbingu ilitoka nyeupe. Chekundu kikatoka cheusi.

Sasa tufike dukani. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo aliipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Alipofariki mwaka 1897, Allidina Visram aliendeleza biashara hiyo, akafungua maduka hadi Uganda. Yeye alifariki 1916. Rafu za maduka ya namna hiyo zilibeba vitambaa vya merikani na kaniki, pamoja na shanga.

Na katika shanga, rangi ndiyo ilikuwa bei. Msafiri Henry Morton Stanley, akijiandaa kwa safari yake ya bara ya 1871, aliambiwa kwamba samesame, ushanga mwekundu, ulipokelewa Unyamwezi mahali ambapo aina nyingine zilikataliwa. Bubu, ushanga mweusi, ulikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine haukuwa na thamani. Aliyekosea rangi alibeba mzigo bure.

Ziweke samesame na bubu mbele ya sahani ya kioo: zote mbili zinatoka nyeusi. Tofauti ambayo mwenye duka asingethubutu kuikosea ndiyo hasa picha iliyoifuta. Programu haiwezi kuirudisha, kwa maana haimo kwenye picha. Imo katika daftari za wafanyabiashara, katika shanga na nguo zilizohifadhiwa makumbusho, na kwa akina mama wanaoendelea kuvaa ushanga, kama Wabarbaig wa Manyara hii.

Kuitia picha rangi si kosa. Huwavuta vijana waitazame historia. Kosa ni kuipa dhana sura ya ushahidi. Kwa hiyo ukiitia rangi picha ya duka la babu, usiifute ile ya awali. Andika pembeni ni programu gani iliyotumika na rangi ipi ina uthibitisho. Kisha, kabla hujaisambaza, muonyeshe mzee anayezijua nguo na shanga hizo, umsikilize.