Wafu wa Jirani Zetu wa Gikondi



Leo twataka kuzungumza juu ya wafu wa jirani zetu. Tunasema juu ya Wakatoliki wa Gikondi, kule Mukurweini katika Nyeri, watu wa mashamba kama wengi wetu, na namna walivyowakumbuka watu wao waliolala. Huenda mzee mmoja wa kanisa akatuuliza, "Mchungaji, hayo yatuhusu nini? Sisi hatuwaombei wafu." Swali lake ni la haki, na afadhali tulijibu kabla hatujaenda mbali.

Ni kweli ya kwamba wenzetu huitenga tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Ni kweli pia ya kwamba baba zetu wa Matengenezo ya Kanisa walilikataa fundisho la toharani, na katika Makala 39 ya Dini ya mwaka 1571, makala ya 22 yasema hivyo waziwazi. Hatukuja leo kuifungua tena kesi hiyo. Lakini kuwaombea wafu ni jambo moja, na kuwakumbuka ni jingine. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 11, anawataja waliokufa mmoja mmoja, Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, Rahabu, mpaka anasema wakati hautamtosha. Kisha anawaingiza wengine ambao hawataji kwa majina, waliopigwa mawe na kuzungukazunguka nyikani wamevaa ngozi. Basi kuna waliotajwa na kuna wasiotajwa, na wote wamo katika sura moja. Tafadhali lishikeni jambo hilo, kwa maana habari ya Gikondi ni ya namna hiyo hiyo.

Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu katika Murang'a mwezi Juni 1902, wakapokelewa na Karuri wa Gakure. Mwaka uliofuata watu wetu wa CMS walianza kazi Weithaga. Wazee wetu wakumbuka jinsi misheni hizo zilivyogombania milima na mabonde, huyu akipanda msalaba wake upesi kabla mwenzake hajafika. Si habari ya kujivunia kwa upande wo wote. Hata hivyo pande zote mbili zilileta kitu kimoja ambacho hakikugombaniwa, nacho ni vitabu vikubwa vya kuandika majina. Kwa upande wetu desturi hiyo ilianza mwaka 1538, Thomas Cromwell alipoamuru kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko. Wakatoliki nao waliagizwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563 kuandika ubatizo na ndoa, na katika kitabu chao cha ibada cha mwaka 1614 ikaongezwa namna ya kuandika waliokufa. Katika kitabu chao cha wafu huandikwa jina la marehemu, umri wake, wazazi wake au mwenzi wake, sakramenti alizopokea kabla ya kufa, na mahali alipozikwa. Tutarudi kwenye kitabu hicho.

Mwanzoni mwa mwaka 1915 alifika nchini mtawa mmoja Mwitalia, Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo karibu na Brescia mwaka 1891. Shirika lake la Masista wa Consolata lilikuwa changa sana, maana Giuseppe Allamano alilianzisha mwaka 1910 tu. Sista huyu alikuwa na miaka 23. Alikuja wakati mbaya, kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaka, Waingereza upande huu na Wajerumani upande wa Tanganyika.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, ndugu, kwa sababu vita hiyo imesahauliwa nyumbani kwetu kuliko ilivyostahili. Jeshi lilipigana katika nchi isiyo na barabara, na penye mbung'o ng'ombe na punda walikufa. Mizigo ikabebwa kwa vichwa vya watu. Hao waliitwa Carrier Corps, na wananchi wakalitamka jina hilo "Kariakor", ambalo hata leo ni jina la mtaa mmoja wa Nairobi na mwingine wa Dar es Salaam. Mwaka 1917 watu walikamatwa kwa wingi kabisa, wakatolewa mashambani. Walilishwa unga na maharagwe yasiyoiva vizuri, wakalala kwenye mvua, na waliouawa kwa kuhara damu, kichomi na malaria walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ya waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona ya kwamba hesabu hiyo ni ndogo mno. Waprotestanti pia walikuwamo. Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu aliongoza kundi la Wakristo wa misheni zetu mwaka huo wa 1917. Kwa kuwa aliwasimamia kwa karibu katika chakula na usafi, waliokufa katika kundi lake walikuwa wachache kuliko katika makundi mengine. Maana yake ni kwamba wengi wa wale wengine wangeweza kuishi.

Sista Irene alitumwa kuwauguza wapagazi hao katika hospitali za jeshi, Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kuziita hospitali ni heshima tu. Yalikuwa mabanda yaliyojaa watu wenye vidonda na kuhara, wamelala wamebanana, na wengi hawakuweza kusema na jirani yao kwa kuwa kila mmoja alitoka kabila lake. Aliwaosha, akawalisha kwa kijiko, akajifunza majina yao. Aliwafundisha imani kwa maneno machache, na waliotaka akawabatiza kabla hawajafa. Najua baadhi yenu mtasema ubatizo wa namna hiyo ni wa haraka mno, nasi tungeweza kubishana hapo. Lakini tusisahau ya kwamba mtu akibatizwa, jina lake huulizwa. Kwa wapagazi wengine huenda hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu alipowauliza wanaitwaje.

Yasimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa alimkosa mgonjwa aliyekuwa akimfundisha. Akaambiwa amekwisha kufa, amepelekwa pwani pamoja na maiti wengine. Sista akaenda pwani, akawageuza wale wafu mmoja mmoja akimtafuta, akamkuta angali anapumua chini ya wenzake.

Vita ilipokwisha alirudi bara, na tangu mwaka 1920 mpaka kufa kwake alikaa Gikondi. Miaka hiyo kumi haina mambo ya kushangaza, nasi twaipenda kwa sababu hiyo. Alifundisha shule, alizunguka vijiji akipanda na kushuka matuta yale ambayo aliyewahi kuyatembea ayajua, aliwaita watoto darasani na kuwasaidia akina mama waliojifungua. Na aliandika barua. Vijana wa Gikondi walikuwa wamekwenda Nairobi, Mombasa na kwingineko kutafuta kodi na mishahara, na mama zao hawakujua kusoma. Basi mama alikuja kwa sista akamwambia la kusema, naye akaliandika. Jibu lilipofika akamsomea. Watu wakamwita Nyaatha. Wanaojua Kikikuyu watafahamu: tha ni huruma, na Nyaatha ni mama mwenye huruma.

Mwaka 1929 ulikuja ule ugomvi mkubwa wa desturi ya kuwatahiri wasichana, uliotikisa misheni zetu za Kiprotestanti kuliko za Wakatoliki. Shule zikagawanyika, na watu wengi wakatoka makanisani. Hatuna nafasi ya kuieleza habari hiyo, ambayo yahitaji mazungumzo yake yenyewe. Twaitaja tu ili mjue ya kwamba wakati ule wamisionari walitazamwa kwa shaka katika nchi yote ya Wakikuyu, na hata hivyo milango ya Gikondi ilibaki wazi kwa mama huyu.

Mwezi wa Oktoba 1930 mwalimu mmoja wa hapo alishikwa na tauni. Tauni si ugonjwa wa kumkaribia mtu ovyo, na kila mtu alijua. Sista Irene akaenda kumwuguza, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39.

Sasa twafika kwenye jambo tulilolikusudia. Baada ya miaka zaidi ya 50, katika miaka ya 1980, Kanisa lao lilianza kuuchunguza maisha yake kwa utaratibu wa kumtangaza Mwenye Heri. Katika utaratibu huo huitwa mashahidi, nao huhojiwa. Ni akina nani waliomjua mama aliyekufa mwaka 1930? Ni wazee wa vijijini, waliokuwa watoto wa shule yake, au watoto wa wale walioandikiwa barua. Kama watu hao wa mashambani wangalikaa miaka 50 bila kusimuliana jioni nyumbani, wachunguzi wangalikuta tarehe mbili tu, ya kuzaliwa na ya kufa. Kwa hiyo kumbukumbu ya Nyaatha ililindwa na watu ambao majina yao wewe nami hatutayasikia. Tarehe 23 Mei 2015, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam alimtangaza Mwenye Heri mbele ya makutano makubwa huko Nyeri, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sherehe ya namna hiyo kufanyika katika Kenya.

Muujiza walioutaja ulitokea mbali, Nipepe katika Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Watu yapata 270 walijificha kanisani siku kadhaa, wakanywa maji machache yaliyokuwa katika gogo lililochongwa la kubatizia, wakiomba kwa jina la Sista Irene, na maji wakasema hayakuisha. Sisi hatuwaombi watakatifu watuombee, wala hatuhitaji kulificha jambo hilo mbele ya jirani zetu. Wala hatuna haja ya kuwacheka watu waliokuwa na kiu katika vita. Kwetu Nyaatha anafanana zaidi na Dorkasi wa Yafa, katika Matendo sura ya 9. Alipokufa, wajane walimjia Petro wakilia, nao hawakumtolea hotuba. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Ukumbusho wa Gikondi ulikuwa wa namna hiyo, barua badala ya nguo.

Lakini wako wale wengine wa mwisho wa Waebrania 11. Katika Nairobi, mahali panapoitwa leo Kenyatta Avenue, pamesimama sanamu za askari na mpagazi zilizowekwa mwaka 1928, na jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa hapo. Waingereza waliokufa katika vita ile waliandikiwa majina juu ya mawe. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya upungufu huo, ikaomba radhi. Ilisema ya kwamba wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa wa serikali ya wakati ule walifikiri Mwafrika hahitaji jina lake juu ya jiwe, kwamba hatalielewa. Sista mmoja kijana alikuwa akiwauliza majina hayo hayo katika mabanda ya Kilwa.

Tulisema tutarudi kwenye vitabu. Kitabu cha maziko tulichorithi sisi Waanglikana kimefuata mtindo uliowekwa kwa sheria ya Uingereza mwaka 1812. Kina nafasi ya jina, makao, tarehe ya kuzikwa, umri, na sahihi ya kasisi. Hakiulizi marehemu alikuwa mtoto wa nani, wala mume au mke wa nani, mambo ambayo kitabu cha Wakatoliki huyauliza. Ukikifungua baada ya miaka 60 utajua kasisi gani alizika, lakini hutajua kama mama huyu ndiye aliyebeba mawe ya kanisa kutoka mtoni, au kama mzee yule alikuwa mpiga ngoma wa Jumapili. Karatasi zetu za mazishi zenye picha husema mengi, lakini hizo huanguka chini ya viti siku ile ile, na mvua yamaliza iliyobaki.

Kalenda yetu ina Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, ambayo katika sharika nyingi hupita kimya. Jumapili iliyo karibu nayo, wazee wa kanisa waweza kukileta kitabu cha maziko mbele ya ushirika na kusoma majina ya waliozikwa tangu Novemba iliyopita, bila kuwaombea. Kila nyumba na iseme kitu kimoja alichokifanya mtu wao, na karani akiandike kwa wino pembeni mwa jina lake. Na wale wenye miaka 80 na 90 waulizwe kwanza, mapema, kabla ya mvua za Novemba kuharibu njia za kuwafikia.