Urolithini A
Kemikali isiyomo ndani ya tunda lolote, bali huzaliwa tumboni, baada ya vijidudu vya utumbo mpana kuzimeng'enya tanini za komamanga na, kwa kadiri ndogo, za pera, tunda ambalo likiliwa bichi huko Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, huukausha ulimi papo hapo. Mwaka 2016 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walibaini kuwa huzihimiza seli kuondoa mitokondria chakavu, na minyoo waliopewa kemikali hiyo wakarefuka umri. Ama jaribio la 2022, kwa wazee wa miaka 65 hadi 90, lilionyesha nafuu katika ustahimilivu wa misuli, wala si katika mwendo wa dakika sita. Kwa kuwa si kila tumbo limejaaliwa vijidudu hivyo, hutengenezwa vidonge, navyo kwa mkulima wa Katavi ni anasa tupu.