Kutoa Chumvi katika Maji ya Bahari kwa Nguvu za Atomi

Ni kazi ya kuyageuza maji ya bahari kuwa matamu kwa joto au umeme wa tanuri ya atomi. Joto likitumika, mvuke uliokwisha kuzungusha mashine za umeme huyachemsha maji ya bahari, na mvuke wake hukusanywa ukapozwa. Umeme ukitumika, maji husukumwa kwa nguvu kupita katika utando uzuiao chumvi. Katika njia ile ya kwanza ni sharti pawepo mzunguko wa kati baina ya tanuri na maji, ili bomba likivuja, madhara ya atomi yasifike katika kinywaji cha watu.

Mfano mashuhuri ni Aktau, mji wa Kazakhstan ulio kando ya Bahari ya Kaspi katika nchi kame mno, ambako tanuri ya BN-350, iliyofanya kazi tangu 1973 hadi 1999, ilitoa umeme pamoja na maji yapata mita za ujazo 80,000 kwa siku. India, huko Kalpakkam, imefuata kwa kiasi kidogo.

Kwa upande wa Tanzania, Mshangano, kata ya mji wa Songea, haina haja ya maji hayo, maana bahari iko mbali, na Ziwa Nyasa ni la maji matamu. Lakini mkoa wake wa Ruvuma una urani, fueli ya tanuri hizo, huko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ambayo kwa ajili yake mipaka ya Pori la Akiba la Selous ilirekebishwa mwaka 2012. Wahitaji hasa wa maji hayo, ajabu ya mambo, ni watu wa pwani, ambao baadhi ya visima vyao huingiwa na chumvi, wala Tanzania haijajenga tanuri ya atomi ya kutoa umeme hata moja.