Muhogo: Virusi Viwili Katika Shina Moja

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa makopa, wengi mnaniuliza kwa nini batobato ya zamani haikututia njaa kama ya siku hizi.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, ulipoonekana Usambara. Majani yalijikunja na kuwa na mabaka ya njano, lakini mara nyingi viazi vilipatikana. Mambo yaligeuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuanzia Luwero, muhogo ulidumaa shamba baada ya shamba, watu wakaacha kuupanda, na mashariki ya nchi hiyo njaa ikaingia. Wimbi hilo likazunguka ziwa, likafika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha likaja kwetu.

Mwaka 1997 watafiti walieleza walichokikuta. Virusi viwili vya batobato vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kirusi kipya. Tena, mashina yaliyoumia zaidi yalikuwa na kirusi hicho kipya pamoja na kile cha zamani. Mmea una kinga yake, na kila kirusi huibomoa kwa njia yake. Kimoja kikiingia peke yake, mmea unaweza kujikongoja. Vikiingia viwili, kinga inabomolewa pande zote, na virusi vyote vinazaana kupita kiasi. Ni kama wezi wawili, mmoja anashughulika na mbwa, mwingine anavunja mlango.

Dawa ikawa mbegu zinazostahimili batobato. Zilisaidia sana, lakini kuanzia mwaka 2004 michirizi kahawia, iliyojulikana zaidi ukanda wa pwani, ikaonekana kwenye nyanda za juu za Uganda. TME 204, aina iliyosifiwa kwa kuhimili batobato, ikaoza viazi. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea: tunaona majani safi, tunasema mbegu ni nzima.

Magonjwa yote mawili hubebwa na inzi weupe, lakini safari ndefu huyapeleka sisi wenyewe, kwa mizigo ya vipando kwenye pikipiki. Kwa hiyo, kabla hujanunua vipando, iwe Bunda, Butiama au Musoma, mwombe mwenye shamba ang'oe mashina matatu au manne yaliyokomaa. Katakata viazi vipande vipande. Ukiona madoa ya kahawia makavu ndani, usichukue hata kijiti kimoja, hata ukipewa bure.