CD moja, mtaa mzima

Jamani, kuna neno moja ambalo Dar tumelitumia vibaya miaka mingi: kopi. Ukisema "hii ni kopi" mtu anaelewa ni feki, ya wizi. Lakini kuna wakati kopi ilikuwa haki yetu kabisa. Ngoja niwakumbushe.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha kwanza. Kaka alirudi nyumbani Wazo na kompyuta ya mtumba: Pentium III, RAM megabaiti 256, ndani vumbi utadhani imekaa jirani na kinu cha saruji pale mlimani. Windows iliyokuwamo ilikuwa kopi, ya ile maana mbaya, imejaa virusi. Kununua halali? Hatukuthubutu hata kuuliza bei.

Rafiki yake akaleta CD ya Ubuntu 6.06.

Historia yake ni hii. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuandika kiini cha mfumo unaofanana na Unix, kisha akaruhusu yeyote autumie, aurekebishe na kuugawa. Ndiyo Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002, akaitolea toleo rahisi akaliita Ubuntu. Jina si geni kwetu: wao ubuntu, sisi utu.

Bure, sawa. Lakini ilikuwa bure kwenye intaneti! Piga hesabu: megabaiti 700 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ni kama saa 28 bila laini kukatika. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009 tu. Kwa hiyo Canonical, kampuni ya Shuttleworth, ilituma CD kwa posta bila malipo, hata stempu hulipi. Unajaza fomu, unasubiri wiki kadhaa, unakwenda kuchungulia sanduku la posta. Ikishaingia mtaani inachomwa nakala, na nakala inachomwa nakala. Yetu ilikuwa mjukuu wa ile ya posta. Na hakuna aliyeiba.

Kazi ikaanza usiku. Kaka akaingia BIOS, akaiambia mashine isome CD kwanza. Katikati ya kusakinisha, umeme ukakatika. 2006 ulikuwa mwaka wa mgawo. Tukaanza upya alfajiri. Programu ikauliza: nifute diski ngumu yote? Kaka akakubali.

Ndani yake mlikuwa na hesabu za miezi minane za kikundi cha akina mama. Mama hakupiga kelele. Alikaa kimya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kaka alilipa deni hivi: alitafuta Jambo OpenOffice, iliyotolewa Desemba 2004 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na IT+46 ya Sweden. Menyu zote Kiswahili. Mama, ambaye Kiingereza hakukisoma, akavaa miwani, akasoma mwenyewe kilichoandikwa juu ya kioo, akaanza kuandika upya kutoka kwenye madaftari ya wenzake. Toka siku hiyo hakumwita tena kaka aje "kumfungulia".

CD za posta zilikoma Aprili 2011. Ubuntu nayo iliacha kutoa diski za kompyuta za biti 32 mwaka 2017, kwa hiyo Pentium yetu ilibaki nyuma. Lakini Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nzima nyingi zikaitwa mbovu ghafla. Siku hizi ni flashi badala ya CD, ila sheria ni ileile: kopi, mpe jirani.

Wewe unayo moja stoo? Itoe. Ila kabla hujakubali kufuta diski, kamuulize mama kwanza.