Kilemba cha Fundi

Kengele ya Freretown haimshtui tena mtu. Ipo pale pale juu ya nguzo zake, upande wa bara wa Mombasa, na makondakta wa matatu wanaita "Kengeleni!" bila hata kuitupia jicho. Enzi zake ililizwa majahazi ya wawinda watumwa yalipoonekana yakija. Nilianzia hapo asubuhi, viatu vikiwa bado safi, kwa sababu nilitaka kuifuata kwa miguu njia ya watu waliowahi kufundishwa kazi ya mikono mjini humu. Njia yenyewe inavuka maji na kuishia Tudor, kwenye majengo yenye kuba na matao. Si mbali, saa moja na ushei ukienda polepole, lakini imechukua miaka mia na hamsini.

Kusema kweli, haianzii Kengeleni. Inaanzia Nashik, India. Manowari za Waingereza zilipokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, watoto waliokutwa ndani wengi hawakuwa na pa kurudishwa, wakapelekwa Bombay. Katika miaka ya 1850 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua makao yao huko Sharanpur, nje kidogo ya Nashik. Watoto wa Kiafrika walifundishwa kusoma na kuandika, wakafundishwa pia useremala na uhunzi. Wengine walirudi pwani yetu wakiwa watu wazima: William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai mwaka 1864. Watu waliwaita Wabombei.

Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa kwenye msafara wa Livingstone. Livingstone alipofariki kijijini Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma sala ya mazishi na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti chini ya mahali ulipozikwa moyo wa marehemu. Nimelifikiria sana tendo hilo la kuchonga. Mkono uliozoea kalamu ndio uliotumia chuma, na hakuna aliyemwambia achague kimoja. Watu waliokuja baada yake waliambiwa wachague, tena mara nyingi.

Mwaka 1874 Mchungaji William Salter Price alifika Mombasa, na mwaka uliofuata kijiji cha watumwa walioachwa huru kikapata ardhi Kisauni na jina la Sir Bartle Frere: Freretown. Wabombei ndio waliokuwa uti wa mgongo wa mahali hapo. Walikuwa walimu, mafundi na wasimamizi, na walijua Kiingereza pamoja na randa na nyundo. Haukupita muda wakaanza kulalamikia mishahara na jinsi Wazungu wa misheni walivyowatazama. Nikisoma habari zao huwa nasikia sauti za mafundi wa leo: kazi yangu unaisifu, bei yangu unaikataa.

Nilizunguka kutafuta alama ya karakana za wakati ule. Sikuona hata moja. Kilichodumu cha Freretown, ukiacha kengele na kanisa, ni chuo cha dini kilichofunguliwa mwaka 1888. Kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Mahubiri yamepata chuo kikuu, nyundo haikupata hata kibao.

Lakini tusije tukadhani pwani ilingoja meli ya misheni ili ijue kufundisha vijana kazi. Fundi wa majahazi alikuwa na wanagenzi wake kitambo sana. Mtoto alianza kwa kuokota vibanzi na kuchota maji. Akaja kushika keekee, akizungusha upinde kutoboa mbao. Akajifunza kutia kalafati, kuzishindilia pamba zilizolowa mafuta katikati ya mbao hadi maji yakose pa kupita. Tezo alipewa mwisho, maana tezo ikikosea mara moja taruma zima limekwenda. Hakukuwa na mtihani wa siku moja. Mtihani ulikuwa chombo kuelea. Siku ya kufuzu, mwanagenzi alimpa fundi wake kilemba, zawadi ya kumshukuru na kumuaga. Nalipenda neno hilo. Ada hulipwa kabla ya kujua, kilemba hutolewa baada.

Karibu na soko la Kongowea nilisimama mahali kijana alipokuwa akikata bomba la mraba kwa msumeno wa chuma. Umri wake haukuzidi miaka kumi na saba. Fundi, mtu mzima mwenye miwani myeusi ya kuchomelea aliyoipandisha kwenye paji la uso, alikuwa amepiga mstari wa chaki wa mshazari. Vipande viwili vikikatwa hivyo hukutana na kufanya kona ya geti.

"Usiusukume kwa nguvu, mwanangu. Uache ule wenyewe."

"Haukati, babu."

"Unakata. Wewe ndiye una haraka."

Niliuliza kama kijana ni mwanawe. "Mamake kaniletea," alijibu, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Nilimwambia nitarudi, nikaendelea na safari.

Ukiwa juu ya daraja la Nyali unaiona Tudor kwa mbali upande wa kulia, na upepo unakufuta jasho. Nikiwa hapo nilifikiria reli, iliyoleta mafundi wengine, ingawa stesheni ya zamani iko upande mwingine wa mji. Reli ya Uganda ilianzwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, na kazi hiyo ililetewa watu wapatao 32,000 kutoka India. Kati yao walikuwamo waashi, wahunzi na maseremala, na baadhi walibaki. Kwa muda mrefu mtu akisema "fundi" mjini, picha iliyojitokeza kichwani ilikuwa ya Kalasinga.

Serikali ya kikoloni iliyaona hayo, ikaona na gharama yake. Mwaka 1909 Nelson Fraser, aliyeletwa kutoka India kuishauri juu ya elimu, alipendekeza Waafrika wafundishwe kazi za mikono. Walowezi walilipokea wazo hilo kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake. Fundi wa Kihindi alikuwa ghali, na wao walimtaka fundi Mwafrika wa bei nafuu. Mwaka 1924 ikafunguliwa Kabete bohari ya mafunzo ya ufundi kwa "wenyeji". Vijana walitoka huko wakijua kujenga na kuranda, lakini malipo yao hayakulingana na ya Mhindi aliyefanya kazi ile ile.

Kwa hiyo nawaelewa wazazi walioikataa elimu hiyo. Waliona karani amekaa kivulini na viatu miguuni, na fundi yuko juu ya paa. Waliambiwa kazi ya mikono ni heshima na mtu ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa akisomea sheria. Tunapowalaumu Waafrika kwamba "hawapendi ufundi", tunasahau kwamba walipewa ufundi kama mtu anavyopewa lishe ya kumtosha afanye kazi shambani.

Tudor ni hadithi nyingine, na ndiyo sababu nilitaka kufika. Kufikia miaka ya 1940 Waislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wameachwa nyuma katika shule za serikali na za misheni. Likazuka wazo la chuo chao, lakini si chuo cha fikihi bali cha umeme, mitambo na ujenzi. Hati ya Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wenyeji waliizoea kwa kifupi MIOME, ilitangazwa mwaka 1948. Aga Khan alitoa pauni 100,000, serikali ya Uingereza kiasi hicho hicho, Sultani wa Zanzibar 50,000, na jumuiya ya Mabohora 50,000. Mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia.

Yatazame majengo yale ukiwa langoni. Shule za ufundi nyingi nilizoziona zimejengwa kama maghala, paa la mabati na dirisha la nyavu. Hii ilijengwa kana kwamba anayejifunza kukereza chuma anastahili kuingia kwa kupita chini ya tao. Sijui shule nyingine ya makanika katika nchi hii iliyojengewa kuba.

Mwaka 1966 milango ilifunguliwa kwa watu wa dini na rangi zote, jina likawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. 1972 ikawa Politekniki. 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 ikapewa hati yake yenyewe: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Politekniki ya Kenya, jijini Nairobi, ilipanda ngazi mwaka huo huo. Watu walishangilia, na sikatai kwamba mhandisi mwenye shahada anahitajika. Ila nahesabu: nchi iliondoa politekniki zake mbili za zamani zaidi kwenye orodha ya politekniki, ikaanza kutafuta nyingine.

Mimi mwenyewe ni zao la 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 ukiahidi kwamba kila mtoto angetoka shuleni na ujuzi mikononi. Shule yangu ilikuwa na somo la ufundi lakini haikuwa na hata tupa moja. Siku za mtihani tulitakiwa kupeleka kitu tulichotengeneza. Nilipeleka kigoda alichokiunda jirani yetu, nikapata alama nzuri. Jirani yetu hakupata kitu zaidi ya shukrani ya mama. Mwaka huo huo wa 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakigonga mabati juani, akaagiza wajengewe vibanda. Jina la jua kali likabaki hata baada ya kivuli kupatikana.

Nilirudi Kongowea alasiri. Geti lilikuwa limelazwa chini, kona tatu zimeshachomelewa, na kijana alikuwa kwenye bomba la mwisho, fulana imelowa mgongoni. Nilimuuliza fundi kama na yeye alipitia chuo. Alicheka. Alifundishwa na fundi mmoja wa Majengo, miaka minne, na alipomaliza alimpelekea shuka na kanzu. Huyu kijana, alisema, anataka kwenda kufanya jaribio la gredi serikalini apate cheti.

"Na wewe unacho, mzee?"

"Mimi ndiye ninayemfundisha," alijibu.

Kijana alileta kipande chake. Fundi alikiweka kwenye skwea, akakinyanyua kuelekea jua. Uzi mwembamba wa mwanga ulipita kati ya chuma na chuma. Akamrudishia.

"Kata tena."