Injini ya gari lako imebebwa na nini? Fahamu kabla ya kuingia barabara ya vumbi

Ukifungua boneti, injini inaonekana kama imewekwa tu mle ndani. Ukweli ni kwamba imeshikiliwa na sehemu chache sana, na moja ikichoka, nyingine zinaanza kuumia.

Kwa madereva wa Kasulu na Kibondo hili si suala dogo. Barabara kuu ya Kabingo–Kasulu–Manyovu imekuwa ikijengwa kwa lami, lakini njia nyingi za kuingia vijijini bado ni za udongo: vumbi kiangazi, matope na makorongo wakati wa mvua.

Kwanza ni maunti

Hata kwenye gari dogo, injini pamoja na gia boksi huzidi kilo 100. Uzito huo hukaa juu ya maunti, vipande vya chuma vyenye mpira katikati, mara nyingi vitatu au vinne. Chuma kinashika, mpira unameza mtetemo. Bila mpira huo, gari zima lingetetemeka hadi usukani.

Chasisi au bodi?

Hapa magari yanatofautiana. Land Cruiser "mkonga", ambazo zimekuwa zikionekana sana kwenye kazi za kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, zina chasisi: fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukatisha, kama ngazi. Maunti hufungwa kwenye fremu hiyo, na bodi hukaa juu yake.

Probox, maarufu kama "michomoko", hazina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari. Ndiyo maana bodi ikioza kwa kutu sehemu za mbele, si suala la urembo tena. Kinachobeba injini ndicho kinachooza.

Springi ndiyo inabeba, si shokapu

Wengi huchanganya hapa. Uzito ukishafika kwenye fremu au bodi, unashushwa na springi hadi kwenye magurudumu. Kazi ya shokapu ni kuzuia springi isiendelee kudundadunda baada ya shimo. Gari likiwa limelala upande mmoja hata likiwa limesimama, anza kukagua springi.

Kwenye Probox, springi na shokapu za mbele zimefungwa pamoja kama nguzo moja. Mfumo huo unaitwa MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940. Land Cruiser 70 za kazi zina ekseli nzima mbele. Za zamani zilitumia springi za vyuma bapa vilivyopangwa, na kuanzia 1999 za mbele zikawa za kuzunguka.

Gari likitua kwenye shimo kwa kasi, mzigo huongezeka ghafla. Ukiwa umejaza abiria kupita kiasi, springi hufika mwisho na chuma hugonga chuma. Kishindo hicho hupanda hadi kwenye bodi na maunti.

Dalili za maunti kuchoka

- Mtetemo mkubwa gari likiwa sailensa
- Mlio wa "ko!" unapoweka gia au kuondoka
- Injini kuinama upande mmoja
- Mipira ya rejeta au waya kuvutika

Jaribio rahisi

Vuta hendibreki, kanyaga breki kwa nguvu, washa injini na ufungue boneti. Kwa gari la automatiki, weka D kisha R huku mwenzako akiangalia akiwa pembeni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini kusogea kidogo ni kawaida. Ikiruka, peleka kwa fundi.

Kufunga injini kwa mpira wa tyubu kunakusaidia kufika gereji tu. Maunti moja iliyokufa huziongezea mzigo zilizobaki, na bei ya kubadilisha moja ni nafuu kuliko kubadilisha zote.